Mistari Yote Imepitiwa

Siku ripoti ilipotoka kijani kuanzia juu mpaka chini, Kijani mwenyewe hakufurahi. Hakuhuzunika pia. Aliitazama kama mtu anavyotazama ukuta wa jirani, akanywa chai iliyokwisha poa, akasogeza kiti. Nyuma yake wenzake walipiga makofi. Mmoja akatia na kigelegele, kile cha utani wa ofisini, na meneja akatoka chumbani kwake simu ikiwa sikioni, akainua kidole gumba.

"Kijani! Umeua!"

"Asante, bosi."

"Mbona kama uko matangani? Cheka basi, hata kwa mkopo."

Akacheka kwa mkopo.

Jina la Kijani hakupewa na wazazi. Alilipata pale kazini kwa sababu ya kazi yake, na kazi hiyo lazima ielezwe, maana asiyeijua hataona hatari ilikojificha.

Kampuni yao ilitengeneza visanduku vya kuendeshea mageti. Yale makubwa ya chuma, yanayoteleza kwenye reli: mtu anabonyeza kitufe, mota inanguruma, geti linakwenda pembeni, gari linaingia, geti linarudi. Ndani ya kisanduku mna programu, nayo ndiyo inayoamua. Sasa fungua. Sasa funga. Sasa simama, kuna mtu. Programu hiyo iliandikwa kwa lugha ya kupikwa, ndivyo walivyoiita wenyewe, kwa kuwa hailiwi mbichi. Mtu anaandika mistari yake kwa maneno yanayosomeka, halafu kompaila inaichukua na kuipika yote mpaka inakuwa namba tupu za mashine. Ikishaiva, huwezi tena kufunua sufuria ukaonyesha nyanya iko wapi na kitunguu kiko wapi.

Sasa utajuaje kama katika majaribio yako kila mstari umefanya kazi? Hapo ndipo alipoingia Kijani. Kabla ya kupika, unaiambia kompaila ipande vihesabio, kimoja kwenye kila njia panda ya programu. Ni kama mama mwenye nyumba anayeshuku kuna mtu anaingia vyumbani mwake: anamwaga unga mwembamba kwenye kila kizingiti, kisha anazunguka kukagua. Penye nyayo, pamepitiwa. Pasipo na nyayo, hakuna aliyefika. Programu ikimaliza kazi yake salama inatapika hesabu zote kwenye faili, na chombo kingine kinaipaka mistari rangi. Uliopitiwa, kijani. Usiopitiwa, mwekundu.

Lakini unga haukuambii aliyeingia alifanya nini mle ndani. Kama alifagia au aliiba, nyayo ni zilezile.

Hilo Kijani alilijua vizuri. Siku zake za mwanzo aliweza kukaa juu ya mstari mmoja mpaka shingo ikamuuma, akijiuliza: umepita, sawa, lakini umefanya nini? Halafu akaja mteja mkubwa, mwenye shule nyingi, akasema hapokei kisanduku mpaka ripoti ionyeshe mistari yote imepitiwa; na siku yoyote ukionekana mwekundu hata mmoja, mageti yake yatazimwa. Neno hilo likaingia kwenye mkataba. Tangu hapo meneja alikuwa na swali moja tu. Akiingia asubuhi: "Tuko asilimia ngapi?" Akirudi kutoka kula: "Imepanda?" Mtu akiulizwa swali moja kila siku, mwisho hubaki na jibu moja. Kijani akaanza kutazama rangi. Alikula akitazama rangi, akifumba macho aliiona rangi. Kitu fulani ndani yake kikafa ganzi taratibu kama mguu uliokaliwa, naye hakuushtua, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hauumi.

Nyumbani aliishi na mama yake na binti yake mdogo, ambaye kwa wingi wa maneno walimwita Kasuku. Mama ndiye aliyepika, akaosha, akampeleka Kasuku shule na kumrudisha. Kijani alirudi jioni, akavua viatu, akakaa.

"Mwanangu, unakula kama unajaza gunia," mama alimwambia jioni moja. "Hujui hata kama nimetia chumvi."

"Umetia, mama."

"Sijatia."

Kasuku akaangua kicheko mpaka maji yakamtoka puani.

"Haya, niambie ya kazini," mama akasema, akimfuta mjukuu wake. "Bado mnahesabu mistari?"

"Imebaki michache. Karibu yote imepitiwa."

Mama akaweka kijiko chini. "Imepitiwa? Heh! Mimi juzi nilipitiwa, sufuria ikaungua mpaka majirani wakaja na ndoo. Nyie ofisi nzima mmepitiwa, na mnajisifu?"

"Siyo kupitiwa huko, mama. Ni kwamba programu imepita pale."

"Aaa. Mimi nikadhani mmelala."

"Bibi ndiye analala," Kasuku akadakia. "Analala na mwiko mkononi!"

"Nyamaza wewe, kasuku usiye na mkia."

Walicheka wawili. Mama akamtazama Kijani, bintiye, akanyoosha mkono akamshika paji la uso kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. Halikuwa na joto. Hapo ndipo hofu ilipomzidi, maana homa angeijulia dawa. Wewe mwenye mtoto anayeshinda mbele ya kioo cha kompyuta, usimuulize tu kama amekula. Muulize amekula nini.

Ile mistari michache iliyobaki ilikuwa yote mahali pamoja. Geti lina jicho lake, miali isiyoonekana inayokatiza njia. Ukiuliza jicho kama kuna mtu, linajibu "yupo" au "hayupo". Lakini umeme ukikatika kisha ukarudi, jicho huchelewa kidogo kuamka, kama yeyote aliyekurupushwa usingizini, na ukiliuliza wakati huo linajibu "sijui". Mistari myekundu ndiyo iliyoandikwa kwa ajili ya hilo "sijui". Aliyeiandika alishahamia kampuni nyingine, na hakuna aliyemkumbuka ila kwa kikombe chake kilichobaki kabatini.

Kijani alijaribu kuipima kwa haki. Alikwenda kwenye meza ya fundi umeme, ambaye kwa wembamba wake walimwita Waya. Pale kulikuwa na kisanduku halisi na mota ndogo ya majaribio. Waya akawasha, mota ikaanza kuzunguka upande wa kufunga, akachomoa umeme, akachomeka tena. Mota ikaendelea kuzunguka. Hakukuwa na kitu njiani, wala hakuna aliyefikiria kuweka hata kikombe. Kijani akakata umeme, akarudi kutazama rangi. Nyekundu. Wakarudia. Nyekundu.

"Lakini imepita pale, dada," Waya alisema. "Mimi mwenyewe nimeona taa ya jicho ikipepesa. Hicho chombo chako kipofu."

"Siyo kipofu. Programu ya kisanduku haina mwisho. Geti halistaafu. Njia ya kuisimamisha ni kukata umeme, na ukikata inakufa na hesabu zake kabla haijazitapika."

"Yaani aliyekufa ghafla haachi wosia."

"Ndiyo hivyo."

"Basi usiiue. Ipimie kwenye kompyuta yako. Jifanye wewe ndiye jicho, sema 'sijui', ipite pale, imalize salama, itapike. Kwisha habari. Bosi apate kijani chake, sisi tupate usingizi."

Njia hiyo siyo mbaya. Wengi huitumia, na ukiitumia vizuri inasaidia. Ubaya ulikuwa kwenye sehemu ya mwisho ambayo Kijani hakuiandika. Jaribio la haki huishia kwa swali: mota imefanya nini, na je, ndicho tulichotaka? Yeye aliandika mwanzo, akaandika katikati, akaona rangi imegeuka, akaachia hapo. Na kwenye kioo, juu kidogo ya rangi ile, programu yenyewe ilikuwa imechapa maneno yake waziwazi: jicho, sijui, mota, funga.

Aliyasoma. Usidhani hakuyasoma. Macho yalipita juu yake neno kwa neno na hayakuokota kitu. Akahifadhi, akatuma ripoti, wakapiga makofi.

Visanduku vikasambazwa. Mageti yakawekwa kwenye shule zote za mteja yule, na moja kati ya shule hizo ilikuwa ya Kasuku.

Alasiri moja mama alivimba miguu, Kijani akaomba ruhusa akamfuate mtoto mwenyewe. Alifika watoto wanapotoka madarasani. Wazazi walisimama ng'ambo ya barabara chini ya kivuli cha ukuta, kila mmoja akimtafuta wake kati ya sare. Mlinzi, mtu mzima ambaye watoto walimwita Babu Geti, alikuwa amebonyeza kitufe cha kufunga ili kupunguza msukumano. Geti lilipofika katikati, umeme ukakatika. Feni za ofisi ya shule zikanyamaza, geti likasimama.

"Umeme wenu huo!" mzazi mmoja akasema. "Hata geti limechoka."

Watoto hawakungoja. Walianza kupenya kwenye uwazi uliobaki, wawili wawili, mabegi yakigonga chuma. Kasuku yeye hakupenya. Alisimama juu ya reli karibu na nguzo ambapo geti hufikia, mgongo umelielekea geti, anamsimulia Babu Geti jambo refu kwa mikono yote miwili.

Umeme ukarudi. Kijani alisikia feni zikianza. Na hapo, bila kutafuta, yale maneno yakamjia kama yalivyokuwa yamechapwa: jicho, sijui, mota, funga. Akajua sekunde ile kitakachotokea, kitu baada ya kitu. Alitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka na hakikutoka kitu. Miguu ilikuwa pale chini, yake, na haikwenda.

Geti likaondoka. Babu Geti alimvuta Kasuku kwa mkanda wa begi akamrusha upande wa barabara, na mguu wake mwenyewe ukabaki pale alipokuwa mtoto. Chuma kikafika, kikaubana kwenye nguzo. Kulisikika mlio mdogo, kama mtu anavunja kuni kavu kwa goti. Ndipo jicho likaamka, likaona kuna mtu, na geti likarudi nyuma kwa adabu, kama mgeni aliyeingia chumba kisicho chake.

Mlinzi alikuwa amekaa chini. "Mtoto yuko wapi?" akauliza.

"Yuko hapa, baba, mzima," mama mmoja akajibu.

"Basi msinishike huo mguu. Shikeni huu mwingine."

Kijani alivuka barabara wa mwisho. Kasuku alikuwa analia bila maneno, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akamnyanyua. Alimwona mtoto analia, aliona kamasi, aliona kiatu kimoja hakipo. Alivitazama vyote hivyo kwa mbali.

Akampeleka mtoto nyumbani, akamkabidhi kwa mama yake, akarudi kazini na vumbi lake.

Meneja alishapigiwa simu. "Pole sana, Kijani. Pole kabisa. Mtoto ameumia?"

"Hapana. Bosi, tuzime mageti yote leo. Wayachomoe kwenye mota, wasukume kwa mkono."

"Subiri, subiri. Mlinzi ameweka mguu kwenye reli. Reli siyo pa kuwekea mguu."

"Umeme ukirudi, jicho linasema 'sijui' na programu inafunga. Umeme unakatika kila mahali. Kesho ni mtoto."

Meneja akaigeuza kompyuta yake imwelekee. Ripoti ilikuwa wazi, kijani tupu, na jina la Kijani chini yake. Akashuka mpaka kwenye mistari yenyewe, akaigonga kwa kalamu.

"Huu hapa. Umepitiwa au haukupitiwa?"

"Umepitiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Sasa?"

"Na mimi nilipitiwa, bosi."

Meneja alimwangalia kama mtu aliyetaniwa msibani. "Nikimpigia mteja nikamwambia azime mageti ya shule zote, ataniuliza ushahidi. Ushahidi nilio nao ni wako, na unasema kila kitu ni sawa. Nenda kapumzike. Tutaita wataalamu, tutakaa, tutaangalia."

"Lini?"

"Tutaangalia."

Alirudi kwenye meza yake. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ingemsaidia. Alifikiri polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani: neno lake halina uzito mbele ya rangi yake. Basi ni rangi itakayosema.

Alilifuta lile jaribio lake. Akaipika programu, akaendesha majaribio yote, akafungua ripoti.

Kijani.

Akatazama tena mistari ya "sijui". Kijani, kana kwamba kuna aliyepita. Waya alikuja akasimama nyuma yake na bisibisi mfukoni.

"Si umelifuta?"

"Nimelifuta."

"Sasa nani amepita hapo? Jini?"

Ilimchukua muda kukumbuka jambo ambalo zamani aliwafundisha wengine siku yao ya kwanza. Hesabu za zamani hazijifuti zenyewe. Faili zake hubaki kwenye folda, na kila ukiendesha majaribio mapya, hesabu mpya hujumlishwa juu ya za zamani. Unga wa juzi haukufagiwa. Nyayo alizokuwa anaziona ni zake mwenyewe za siku ile ya makofi. Na akajiuliza, kwa utulivu uleule, ni mistari mingapi mingine ilikuwa kijani kwa nyayo za watu ambao hawapo tena.

Akafagia. Alifuta kila faili ya hesabu, akaipika programu upya kutoka mwanzo, akaendesha.

Nyekundu. Mistari ya "sijui", na mingine sita ambayo hakuitarajia.

"Mungu wangu," Waya akasema. "Hiyo yote?"

Halafu akaliandika jaribio upya, hatua kwa hatua, na safari hii akafika mwisho: jicho likisema "sijui", mota isimame. Akaliendesha. Likaanguka, kama ilivyopasa lianguke. Mota haikusimama. Akaliacha limeanguka hivyohivyo, akachukua ile ripoti ya wekundu iliyotoka kabla ya jaribio hilo.

Mkataba ulisema kila ripoti mpya lazima ipelekwe kwa mteja, na mpelekaji alikuwa yeye. Hakukuwa na ujasiri wowote katika jambo lile. Alibonyeza kitufe alichozoea kubonyeza.

"Dada," Waya akasema taratibu, "umejifukuza kazi."

"Labda."

"Umetufukuza wote."

"Labda."

Waya akavuta kiti cha jirani akakaa. Simu ya meneja ikalia kule ndani. Walimsikia akisema "hapana, mheshimiwa," halafu "ndiyo, mheshimiwa," halafu ndiyo peke yake mara nyingi. Alipotoka alikuwa ameshika koti lake kama anayetaka kwenda mahali na hajui wapi.

"Umefanya nini, Kijani?"

"Nimepima, bosi."

"Ameamuru mageti yote yachomolewe. Shule zote. Unajua kesho tutakuwa wapi?"

"Hapana."

Meneja alimtazama Waya, akatazama kioo chenye wekundu, akarudi ndani akafunga mlango bila kuubamiza.

Asubuhi yake, kabla ya shule, Kijani alipita hospitali. Babu Geti alilazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta mpaka gotini. Kijani alisimama pembeni ya kitanda akamwambia yote: kwamba yeye ndiye aliyepima, kwamba maneno yalikuwa mbele ya macho yake, kwamba aliyaona. Alisema kama anayesoma tangazo. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa si ungesema mapema," akamjibu. "Ningevaa buti."

Kijani hakujua kama acheke. Mzee naye hakucheka. Aligeukia dirishani, na alipoona mgeni bado amesimama akasema, "Daktari anasema nitatembea, lakini si kama zamani. Huyo binti yako bado hajanimalizia hadithi yake. Mwambie aje. Wewe nenda kazini kwako."

"Sijui kama bado nina kazi."

"Basi nenda tu."

Alirudi nyumbani kumchukua Kasuku, akaenda naye shule akiwa amemshika kidole. Mota ilikuwa imechomolewa, waya zake zimefungwa kwa kipande cha nailoni. Mlinzi mpya, mwanamke mwenye mabega mapana, alikuwa anahangaika na geti pamoja na wazazi wawili, maana chuma kile hakikutengenezwa kwa ajili ya mikono ya watu. Kilisogea hatua, kikagoma, kikasogea.

"Aliyebuni dude hili alaaniwe," mlinzi akasema huku akihema. "Haya, wazazi, msisimame kama mnatazama mpira! Njooni hapa!"

Kijani akamwambia Kasuku asimame mbali, mbali kabisa, pale ukutani. Akaweka mkoba wake chini. Akaenda akapanga mikono yake kwenye chuma pamoja na ya wengine.

"Moja, mbili, haya!"

Geti likatikisika, halikwenda. Mlinzi akageuza shingo.

"Mama wewe, wa hapo mwisho. Unagusa tu. Sukuma."

Akasukuma.